Henri-Edmond Cross na pwani ya Var: kwa nini nukta zake ziligeuka vipande vipana

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari mjini Tanga. Katika kitabu cha picha nilichopewa na rafiki nimekuta kazi mbili za mchoraji Mfaransa aitwaye Henri-Edmond Cross, ambaye sikuwahi kumsikia. Ya kwanza, Les Îles d'Or, ni mandhari ya bahari iliyojaa nukta ndogondogo. Ya pili, Les Cyprès à Cagnes, imejengwa kwa vipande vipana vya rangi kama vigae. Mwalimu mwenzangu anasema mchoraji huyu alimwiga Seurat, kisha akachoka kudonoa nukta. Je, ni kweli? Na kama alikuwa hodari, mbona jina lake halitajwi? Ningependa pia kujua kama mbinu yake inaweza kuwafaa wanafunzi wangu.

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako, ambalo linaonyesha kwamba umezitazama picha hizo kwa makini kuliko watu wengi wanavyozitazama. Mwenzako amepatia nusu. Ni kweli kwamba Cross aliipokea mbinu ya nukta kutoka kwa mchoraji Mfaransa Georges Seurat, wala yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Si kweli kwamba alichoka. Aliipanua miguso ya brashi yake kwa sababu nukta ndogo zilishindwa kufanya kazi iliyotarajiwa kwao, na kilichomfunulia udhaifu huo ni pwani aliyokuwa akiichora, yaani pwani ya Var, kusini mwa Ufaransa, ambako aliishi tangu mwaka 1891 hadi alipofariki mwaka 1910.

Jina alilozaliwa nalo ni Henri-Edmond-Joseph Delacroix. Alizaliwa tarehe 20 Mei 1856 mjini Douai, kaskazini mwa Ufaransa, katika nchi tambarare yenye mawingu mengi. Baba yake alikuwa Mfaransa na mama yake Mwingereza. Familia ilihamia Lille angali mtoto, na huko daktari Auguste Soins, aliyekuwa binamu wa baba yake, akakitambua kipaji chake na kumgharimia masomo ya kuchora, ya kwanza yakiwa chini ya mchoraji Carolus-Duran. Alipoanza kuonyesha kazi zake Paris mwaka 1881, jina la Delacroix lilikuwa mzigo, kwa kuwa lilikuwa tayari ni la Eugène Delacroix, bingwa wa uchoraji wa kizazi kilichotangulia. Hivyo akajiita Cross, kwa lugha ya mama yake. Picha zake za wakati huo ni za rangi nzito za kahawia na kijivu, na mtu akioneshwa mojawapo leo bila kuambiwa mchoraji ni nani, hawezi kabisa kubahatisha kwamba ni mkono uleule uliochora bahari unayoiona katika kitabu chako.

Mwaka 1884 Cross alikuwa miongoni mwa wasanii walioanzisha Société des Artistes Indépendants, jumuiya ya wachoraji waliochoshwa na majopo ya kuchuja picha katika maonyesho rasmi, na ambao walitaka kila msanii aoneshe kazi yake bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndani ya jumuiya hiyo alifahamiana na Seurat na mchoraji mwingine, Paul Signac. Hapa ndipo tarehe zinapomjibu mwenzako vizuri zaidi. Seurat alionyesha picha yake kubwa ya Jumapili alasiri katika kisiwa cha Grande Jatte mwaka 1886, na katika mwaka huo mhakiki Félix Fénéon akaubuni msamiati wa kuueleza mkondo huo mpya, akiuita impreshoni mpya (néo-impressionnisme), kwa kuwa ulitokana na mkondo wa wanaimpreshoni, wachoraji wa kizazi kilichotangulia waliochora mwanga nje mbele ya mandhari yenyewe. Cross aliyaona yote hayo kwa karibu, lakini hakuigusa mbinu ya nukta hadi mwaka 1891, alipoonyesha picha kubwa ya mwanamke aliyesimama, Madame Hector France, ambaye baadaye alimwoa. Mtu anayeiga hakai miaka mitano pembeni akitazama. Isitoshe, Seurat alifariki ghafla mwezi Machi 1891, akiwa na umri wa miaka 31, wakati maonyesho hayo yakiendelea, kwa hiyo Cross alijiunga na mkondo huo wakati uleule ulipompoteza kiongozi wake, na wakati ambapo mtu mwenye tamaa ya umaarufu angetafuta mlango mwingine.

Katika mwaka huohuo alihamia kusini. Sababu ya kwanza ilikuwa baridi yabisi iliyokuwa ikimtesa viungo, ambayo tabianchi ya kaskazini iliizidisha. Alikaa kwanza Cabasson, kisha mwaka uliofuata akahamia Saint-Clair, kitongoji kilichokuwa karibu na kijiji cha wavuvi cha Le Lavandou, chini ya milima ya Maures. Signac naye alifika Saint-Tropez, katika pwani hiyohiyo, mwaka 1892, na tangu hapo hawa wawili wakawa majirani wa kutembeleana na kuandikiana barua kwa miaka mingi. Pwani hiyo wakati huo haikuwa na hoteli za kifahari ilizo nazo leo. Ilikuwa misonobari inayoteremka hadi ufukweni, miamba ya rangi nyekundu, mashua za uvuvi, na upepo mkavu wa mistral unaoifagia anga mpaka visiwa vya mbali vinaonekana kana kwamba vimesogezwa karibu.

Sasa nieleze nadharia waliyokuwa wakiifuata, kwa sababu bila hiyo badiliko lenyewe haliwezi kueleweka. Mkemia Michel-Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, ambako walifuma vitambaa vikubwa vya kupamba kuta. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo zilikuwa zimefifia. Chevreul alizichunguza akakuta rangi yake ni nzima. Kilichozifanya zionekane zimefifia ni nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1839 alieleza kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja huibadilisha nyingine machoni petu, na kwamba rangi pinzani, kama vile nyekundu na kijani, au buluu na rangi ya chungwa, zikiwekwa ubavu kwa ubavu huongezeana nguvu. Mwanafizikia Mmarekani Ogden Rood aliongeza mwaka 1879 maelezo ya tofauti iliyopo kati ya kuchanganya mianga na kuchanganya rangi za kupaka. Seurat aliwasoma wote wawili, akahitimisha kwamba mchoraji asikoroge rangi katika ubao wake wa kuchanganyia rangi mpaka zikachafuka, bali aziweke safi, moja kando ya nyingine, na kuliachia jicho la mtazamaji kazi ya kuzichanganya. Rangi za udongo, ambazo wachoraji wa zamani walizitegemea sana, zikafukuzwa ubaoni.

Hadi hapo ndivyo wanavyoeleza waandishi wengi, na wengi huishia kwa kusema kwamba picha za nukta zinang'aa kwa sababu jicho linazichanganya nukta hizo. Maelezo hayo yana kasoro. Nukta za buluu na za manjano zilizo ndogo na zilizochanganyika sawasawa, ukizitazama kutoka mbali kiasi cha kutoziona tena moja moja, hazikupi kijani kinachong'aa. Zinakupa kijivu, kwa sababu kinachofika jichoni ni wastani wa mianga miwili, na wastani wa rangi zinazopingana ni kufutana. Nguvu ya mbinu hii ipo pale tu ambapo jicho linaanza kuziunganisha nukta lakini bado linaziona, yaani katika umbali wa kati, ambapo rangi zinaonekana kutikisika. Ukisogea mbele zaidi unaona madoa, na ukirudi nyuma zaidi unaona ukungu. Kadiri nukta zilivyo ndogo, ndivyo ukungu unavyokuja mapema.

Ukiitazama tena Les Îles d'Or kwa macho hayo, utaona jinsi Cross alivyokuwa ameanza kulishughulikia tatizo hilo tangu mwanzo. Picha hiyo, iliyochorwa kati ya mwaka 1891 na 1892 na ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Orsay mjini Paris, ni ndogo, takriban sentimita 60 kwa 55, na inaonyesha bahari iliyo mbele ya visiwa vya Hyères ambavyo Wafaransa huviita Visiwa vya Dhahabu. Hakuna mtu, hakuna mashua, hakuna mti unaoweka fremu upande mmoja kama wachoraji wa mandhari walivyozoea. Kuna mikanda tu: mchanga chini, bahari katikati ikichukua sehemu kubwa ya picha, kisha ukanda mwembamba wa visiwa vya rangi ya urujuani na anga iliyopauka juu kabisa. Upeo wa macho umepandishwa mpaka karibu na ukingo wa juu, jambo linalomfanya mtazamaji aone kana kwamba maji yanasimama wima mbele yake. Nukta za chini, mchangani, ni kubwa na zimeachana. Kadiri unavyopanda zinapungua ukubwa na kukaribiana, na upungufu huo peke yake ndio unaoleta hisia ya umbali, kwa kuwa mistari ya kina haipo na vivuli havipo.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake ya kijasiri kuliko zote, na ninaiweka mbele hata ya picha nyingi kubwa alizochora baadaye. Wapo wanaoitazama leo na kusema kwamba inakaribia kuwa picha isiyo na umbo la kitu chochote. Mimi nisingefika huko, kwa sababu Cross alikuwa akichora mahali halisi, na aliyewahi kusimama ufukweni saa sita mchana atazitambua hatua zile za maji, kutoka kijani cha karibu hadi buluu ya mbali. Lakini ni kweli kwamba aliondoa kila kitu ambacho picha ingeweza kuishi bila hicho, na miaka hiyo si wengi waliothubutu.

Tatizo lilizidi kadiri alivyoendelea kuishi kusini. Sisi tunaoishi karibu na bahari yenye jua kali tunalijua jambo ambalo mtu wa Douai alilazimika kulijifunza ukubwani: mwanga mwingi hauongezi rangi, unaziondoa. Saa sita mchana mchanga huwa mweupe, ukuta huwa mweupe, hata majani hupauka, na kinachobaki na rangi ni vivuli pekee. Signac aliandika katika shajara yake ya mwaka 1894 kwamba katika nchi ile kuna weupe tu, kwa kuwa mwanga unaoakisiwa kila upande huzila rangi za vitu na kuvifanya vivuli vionekane vya kijivu. Wachoraji waliofunzwa Paris walitarajia kukuta kusini rangi kali. Wakakuta mng'ao unaofuta. Basi mchoraji anayeazimia kuunakili mwanga huo kwa uaminifu, tena kwa nukta ndogo ambazo zenyewe zina tabia ya kugeuka kijivu, anaishia na picha iliyopauka mara mbili. Zitazame picha za Cross za miaka ya kati ya 1892 na 1895 na utaiona hali hiyo: ni nzuri, zimetulia, lakini zimejaa rangi nyeupe iliyochanganywa ndani ya kila nukta ili zifikie ukali wa jua, na nyingine zinaonekana kama zimefunikwa na vumbi jepesi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1890 Cross akafanya uamuzi ambao ndio kiini cha jibu langu. Aliacha kujaribu kuulinganisha mwanga wa picha na mwanga wa jua, jambo ambalo rangi ya mafuta haiwezi kulifanya kwa vyovyote, kwa kuwa hakuna rangi nyeupe ya dukani inayong'aa kama mchanga wa mchana. Badala yake alichukua kutoka kwenye mandhari uhusiano wa rangi tu, yaani kwamba hiki ni cha joto kuliko kile, kwamba kivuli hiki kinaelekea urujuani na ukingo ule unaelekea rangi ya chungwa, kisha akaujenga uhusiano huo upya kwa rangi zenye nguvu kuliko alizoziona. Kivuli cha mti kikawa buluu kamili. Ardhi iliyopauka ikawa ya waridi na ya chungwa. Ili rangi hizo zisifutane, aliupanua mguso wa brashi mpaka ukawa kipande cha mstatili ambacho jicho haliwezi kukiyeyusha hata mtazamaji arudi nyuma kiasi gani ndani ya chumba cha kawaida, na kati ya kipande na kipande mara nyingi aliacha mwanya unaoonyesha weupe wa kitambaa chenyewe. Mwanya huo hauna uvivu wowote ndani yake, kwani kila rangi inapozungukwa na weupe kidogo inabaki safi, na mwanga unaotoka katika kitambaa unaipa picha nzima hewa.

Katika Les Cyprès à Cagnes ya mwaka 1908, ambayo nayo iko Orsay, badiliko hilo limekamilika. Miberoshi, ambayo kwa macho ya kila siku ni miti ya kijani iliyokolea karibu na weusi, imejengwa kwa buluu, zambarau na kijani, kipande kwa kipande, na vipande vyenyewe vinafuata mwelekeo wa kitu kinachochorwa: vinapanda pamoja na mti na vinalala pamoja na ardhi. Nukta za Seurat hazikuwa na mwelekeo namna hiyo. Mlinganisho wako wa vigae ni sahihi, na wanahistoria wa sanaa nao huutumia.

Kuhusu uchovu, kuna hoja moja ambayo nadhani inatosha. Ingekuwa maradhi ndiyo yaliyomlazimisha Cross apanue miguso, tungetarajia kwamba jirani yake Signac, aliyekuwa na afya njema na aliyekuwa nahodha hodari wa mashua za tanga, angeendelea na nukta ndogo. Hakuendelea. Alipanua miguso yake katika miaka hiyohiyo, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1899 kuhusu historia ya mkondo wao, kuanzia Eugène Delacroix hadi wao wenyewe, alisisitiza kwamba jambo la msingi ni kuzigawa rangi na kuziweka safi, kwamba nukta ni namna moja tu ya kufanya hivyo, na kwamba ukubwa wa mguso unapaswa kulingana na ukubwa wa picha. Hawa wawili walifikia jambo hilo pamoja, kwa mazungumzo na barua. Na yeyote anayedhani kwamba vipande vipana ni kazi rahisi kuliko nukta ajaribu mwenyewe: nukta moja iliyokosewa humezwa na mia zinazoizunguka, ilhali kipande kimoja kilichokosewa hukaa pale na kuonekana na kila mtu.

Hata hivyo maradhi yaliathiri mengi katika maisha yake, na hapa ndipo ninapoingia katika swali lako la pili. Baridi yabisi haikumwacha, na katika miaka ya mwanzo ya 1900 macho nayo yakaanza kumsumbua, kiasi kwamba zilikuwepo nyakati ambazo hakuweza kuchora kabisa. Alifanya kazi polepole hata alipokuwa mzima, kwa kuwa hakuchora picha zake za mafuta nje mbele ya bahari kama wanaimpreshoni walivyofanya. Nje alichora kwa penseli na kwa rangi za maji, kisha picha yenyewe aliijenga ndani, kwa utaratibu, akizipima rangi. Hizo rangi zake za maji, kwa njia, zinastahili kutazamwa kwa upekee wake: ni nyepesi, za haraka, na zina uhuru ambao picha zake za mafuta huukosa mara kwa mara. Onyesho lake la kwanza la peke yake lilifanyika katika ukumbi wa Druet mjini Paris mwaka 1905, alipokuwa amekaribia miaka 49. Mwaka 1909 alilazwa hospitalini Paris kwa ugonjwa wa saratani, na tarehe 16 Mei 1910 akafariki nyumbani kwake Saint-Clair, siku nne kabla ya kutimiza miaka 54. Mtu huyu alipata miaka michache tu ya kuvuna alichokipanda.

Sababu nyingine ni kwamba aliangukia kati ya watu wenye majina makubwa. Mbele yake kulikuwa na Seurat, ambaye kifo chake cha mapema kilimfanya kuwa alama ya mkondo mzima. Kando yake alikuwepo Signac, aliyekuwa msemaji, mwandishi na mpangaji wa maonyesho, na aliyeishi hadi mwaka 1935. Na nyuma yake alikuja mchoraji Henri Matisse. Mwaka 1904 Matisse alikaa majira ya joto Saint-Tropez kwa mwaliko wa Signac, na huko akakutana na Cross, ambaye kwa tabia yake ya upole alielewana naye kwa urahisi. Nyumbani kwa Signac, Matisse aliiona L'Air du soir, picha ambayo Cross aliichora takriban mwaka 1893 na ambayo Signac aliimiliki: wanawake waliopumzika chini ya miti kando ya bahari jioni, katika ulimwengu usio na haraka wala dhiki. Baada ya majira hayo Matisse alichora Luxe, calme et volupté, yenye bahari, miti na wanawake uchi waliopumzika, iliyojengwa kwa miguso mipana ya rangi safi, nayo Signac akainunua. Mwaka 1905 Matisse na mchoraji mwenzake André Derain walikwenda Collioure, mji mwingine wa pwani hiyo ya Mediterania, wakairarua kanuni yote na kubaki na ukali wa rangi peke yake. Paris ikawaita wanyama wakali, na historia ikaanza kuhesabu upya kutoka hapo. Mlango uliowapeleka huko ulikuwa umefunguliwa Saint-Clair, lakini vitabu vingi vya historia vina haraka ya kumfikia Matisse.

Kuhusu L'Air du soir yenyewe niseme waziwazi kwamba siihesabu miongoni mwa kazi zake bora. Ilizaliwa katika fikra za kisiasa, kwa maana Cross na Signac wote walikuwa wafuasi wa uanakisti, yaani fikra ya jamii huru isiyo na serikali, na Cross alimweleza rafiki yake katika barua kwamba badala ya wachoraji kuonyesha siku zote uasi na mateso, wangeweza kuonyesha furaha ambayo binadamu wataifikia karne zijazo watakapokuwa huru. Signac alifuata wazo hilohilo katika picha yake kubwa ya zama za maelewano, ambayo sasa iko katika jengo la manispaa ya Montreuil. Wazo ni zuri, lakini wanawake wa Cross wamekaa kwa ugumu kana kwamba wameagizwa wasitikisike, na miti inayowazunguka ina uhai kuliko wao. Alikuwa mchoraji wa mandhari kwa asili yake. Watu walipoingia katika picha zake, mara nyingi pwani ilipoteza kitu.

Si kwamba amesahaulika kabisa. Mwaka 2018 jumba la makumbusho la Giverny lilimfanyia onyesho kubwa lililoendelea baadaye katika jumba la Barberini huko Potsdam, Ujerumani. Na Orsay, Art Institute ya Chicago na makumbusho ya Annonciade mjini Saint-Tropez yote yana kazi zake.

Nimalizie na wanafunzi wako, lakini kwanza tahadhari moja kuhusu kitabu ulichonacho. Picha iliyochapishwa nayo imejengwa kwa nukta za wino ambazo hatuzioni, na skrini ya simu imejengwa kwa vijitaa vyekundu, vya kijani na vya buluu. Kwa hiyo picha ya Cross iliyopunguzwa hadi ukubwa wa kiganja imekwisha kuchanganywa na mashine kabla haijafika jichoni, na kijivu unachokiona huenda si chake. Wakitumia simu, wahimize wanafunzi waikuze picha hadi sehemu ndogo ijaze skrini, kisha waiweke simu mezani na kurudi nyuma kidogo kidogo.

Kwa zoezi lenyewe, wape rangi za maji za kawaida, zile za shule, na karatasi mbili za ukubwa mmoja. Katika karatasi ya kwanza wachore ukanda wa mchanga, ukanda wa bahari na ukanda wa anga kwa nukta ndogo za ncha ya kijiti cha pamba, wakitumia rangi tano au sita bila kuzikoroga. Katika ya pili wachore mandhari hiyohiyo kwa rangi zilezile, lakini kwa miguso yenye upana wa kidole, kila mguso ukiachiwa mwanya wa karatasi nyeupe pembeni yake. Wakataze nyeusi katika zote mbili; kivuli chochote wakitafutie buluu au zambarau. Kisha zibandikwe ukutani, na darasa zima lirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni, wakitaja kwa sauti ni hatua gani ambapo karatasi ya kwanza imeanza kupauka. Watakaokuwa na mashaka watazame kwanza mahali ambapo rangi ya chungwa ya mchanga inakutana na buluu ya maji, kwa kuwa hapo ndipo tofauti hujitokeza mapema kuliko sehemu nyingine yoyote ya karatasi.